Faiba: Safari ya Nyuzi za Kioo Kutoka Maabara ya Ohio Hadi Boti za Wavuvi

Wavuvi wa mwambao na wa Ziwa Victoria huiita faiba, jina ambalo siku hizi watu wa mijini hulitumia pia kwa nyaya za intaneti. Kwa mvuvi, faiba ni boti nyepesi isiyooza na isiyoliwa na wadudu kama mbao. Hata hivyo, nyenzo hiyo haikubuniwa kwa ajili ya boti. Kampuni iliyoifanya kuwa bidhaa ya viwandani, Owens Corning yenye makao makuu mjini Toledo katika Jimbo la Ohio, Marekani, ilianza na vichujio vya hewa na vihami joto.

Kuvuta kioo kuwa uzi si jambo geni. Katika maonesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893, mwenye kiwanda cha vioo Edward Drummond Libbey alionesha gauni lililofumwa kwa nyuzi za kioo na hariri. Liliwavutia watazamaji, lakini halikuvalika kwa raha. Kilichokosekana kwa karibu miaka 40 iliyofuata ni njia ya kupata nyuzi nyembamba, nyingi na kwa gharama ndogo.

Njia hiyo ilipatikana kwa bahati mwaka 1932, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, ambapo kampuni ya chupa ya Owens-Illinois ilikuwa ikitafuta matumizi mapya ya kioo. Mtafiti kijana, Dale Kleist, alikuwa akijaribu kuunganisha matofali mawili ya kioo kwa kuyanyunyizia kioo kilichoyeyuka. Mkondo wa hewa yenye shinikizo ulipokigonga kioo hicho, kilitawanyika kuwa nyuzi laini kama sufi. Kwa jaribio la Kleist hilo lilikuwa hitilafu. Msimamizi wake, Games Slayter, ndiye aliyetambua kuwa hitilafu hiyo ina thamani kuliko jaribio lenyewe, na timu yake ikaiboresha kwa kutumia mvuke badala ya hewa.

Kampuni ya Corning Glass Works ya New York nayo ilikuwa ikifanya utafiti wa aina hiyo. Badala ya kushindana, kampuni hizo mbili ziliungana na mwaka 1938 zikaanzisha kwa ubia kampuni ya Owens-Corning Fiberglas. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipozuka, soko la kwanza kubwa likawa meli za kivita, kwa kuwa kioo hakiungui. Mwaka 1942 mjenzi wa mashua wa Toledo, Ray Greene, aliunda mashua ndogo kwa nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa rezini, na mwaka 1953 gari la Chevrolet Corvette likatoka na bodi ya nyenzo hiyo hiyo. Mwaka huo yalitengenezwa magari 300 tu.

Malighafi ni za kawaida: mchanga wa silika, chokaa, madini yenye boroni, na mara nyingi vioo chakavu. Huyeyushwa katika tanuru lenye joto la nyuzi zaidi ya 1,400 za Selsiasi, linalowaka usiku na mchana kwa miaka kadhaa bila kuzimwa. Kutoka hapo kazi hugawanyika. Kwa nyuzi ndefu za kuimarisha boti, matangi na mabomba, kioo hupitishwa katika sahani ya platini yenye mamia au maelfu ya matundu, kisha huvutwa kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde na kupakwa kemikali inayouwezesha uzi kushikana na rezini. Kwa vihami joto, kioo humiminwa ndani ya chombo kinachozunguka kwa kasi, kikatoka pembeni kwa vitundu vidogo na kuwa sufi. Kinachozuia joto hasa ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi hizo.

Mwaka 1956 kampuni ilianza kutia sufi yake rangi ya waridi, na mwaka 1985 mahakama ya rufaa ya Marekani ikakubali kuwa rangi hiyo inaweza kusajiliwa kuwa alama ya biashara.

Sura iliyoigharimu zaidi kampuni haikutokana na kioo. Mwaka 1958 ilinunua biashara ya Kaylo, kihami cha mabomba chenye asbesto, na asbesto haikuondolewa hadi mwaka 1972. Magonjwa yake huchukua miongo kabla ya kujitokeza, hivyo madai ya wafanyakazi waliougua yaliendelea kumiminika muda mrefu baadaye. Oktoba 2000 kampuni iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi, na ilitoka mwaka 2006 baada ya kuundwa mfuko maalumu wa kuwalipa fidia waathirika.

Ni vyema nyenzo hizi mbili zisichanganywe. Unyuzi wa asbesto hupasuka kwa urefu na kuwa mwembamba zaidi, hukaa mapafuni bila kuyeyuka. Wa kioo hukatika kwa upana, na ule wa sufi ya kuhami huyeyuka taratibu mwilini. Kwa msingi huo, mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiondoa sufi hiyo katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, ingawa baadhi ya nyuzi za matumizi maalumu zilibakizwa.

Hilo halimaanishi kuwa fundi anayekata au kupiga msasa boti ya faiba yuko salama kifua wazi. Vumbi lake huwasha ngozi, macho na koo, na mvuke wa rezini mbichi huumiza kichwa na kuleta kizunguzungu. Kazi hiyo inahitaji barakoa inayofaa, miwani, glavu, nguo za mikono mirefu na mahali penye hewa ya kutosha. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto.