Mtoto Huonja Kabla ya Kuzaliwa

Somo: Waamuzi 13:2-5



Katika somo letu malaika amwendea mke wa Manoa kumpasha habari kwamba atachukua mimba. Samsoni ndiye atakayekuwa Mnadhiri, lakini anayekatazwa divai na kileo kwanza ni mama yake. Kwa nini mama azuiwe kwa ajili ya mtoto ambaye bado hajaonekana?

Wataalamu wa viumbe wametupa jambo la kutafakari. Panya huchukua mimba siku 21 hadi 23. Katika majaribio kadhaa, panya wenye mimba walipewa kileo kidogo kati ya siku ya 17 na ya 20 tu. Kileo kilipita katika damu ya mama, kikafika kwenye maji yanayomzunguka mtoto tumboni, naye huyameza maji hayo. Wiki 2 hivi baada ya kuzaliwa, watoto hao walikikubali kileo kuliko wenzao ambao mama zao walipewa maji. Hakuna aliyewafundisha. Walikwisha kuizoea harufu na ladha yake.

Mwanadamu si panya. Hata hivyo, kwetu pia kileo humfikia mtoto tumboni, tena huingia katika maziwa ya mama. Mwaka 1973 madaktari wa Marekani walizieleza dalili za watoto waliodhuriwa hivyo, miongoni mwao udhaifu wa ubongo.

Hapa Mombasa twalijua tembo la mnazi. Asubuhi huwa tamu, jioni huwa kali. Lakini kuchachuka huanza mara linapokingwa mnazini, hivyo hata tembo tamu lina kileo. Wapo wazazi wanaomwachia mtoto masalio ya kikombe, kisha wakamcheka akikunja uso. Majirani zetu Waislamu wa Mji wa Kale hawaingizi kileo nyumbani. Je, sisi tutasema ni mchezo? Sheria ya Kenya ya 2010 yakataza kumwuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Lakini sheria peke yake haitoshi. Ndani ya nyumba mlinzi ni mzazi. Wazee walisema, udongo uupate ungali maji.

Labda yuko anayesema, "Mimi nililelewa mangweni, nimekwisha." La, ndugu yetu. Mazoea ya utotoni yana nguvu, lakini si hukumu. Panya hawezi kutubu. Wewe waweza, naye Kristo humfanya mtu kuwa kiumbe kipya. Na mama uliyekunywa ukiwa na mimba, usijifiche. Nenda kliniki, ueleze yote. Kuacha leo bado kwamfaa mtoto. Nasi kanisani tusikunyoshee kidole, bali tukushike mkono.

Tuombe. Ee Bwana, linda watoto wetu tangu tumboni. Watie nguvu wanaotaka kuacha, na uzifanye nyumba zetu kuwa mahali salama. Amina.