Chekeche la kahawa na insha ya uainishaji

Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu pale Mbamba Bay kazi ya kuainisha samaki wa Ziwa Nyasa, na huenda akaanza hivi: samaki wa ziwa letu wako wa makundi manne, yaani wakubwa, wadogo, watamu na wa kuanika. Kiswahili chake hakina doa. Lakini usipa, yule dagaa wa Nyasa, ni mdogo, huanikwa, na akikaangwa kwa nyanya na kitunguu ni mtamu pia. Samaki mmoja amekalia viti vitatu. Mwanafunzi ametumia vigezo vitatu bila kujua: ukubwa, ladha na namna ya kuhifadhi.

Insha ya uainishaji hudhaniwa kuwa rahisi kwa sababu inafanana na orodha. Orodha haina la kutetea, uainishaji unalo. Anayeainisha anadai kwamba vitu hivi vinagawanyika hivi, kwa kigezo hiki, na kwamba mgawanyo huo una maana kwa msomaji. Kigezo kisipotajwa mapema, makundi yataingiliana tu, hata mwandishi awe hodari namna gani.

Anayetaka kuona kazi hii ikifanywa vizuri apande milimani hadi Mbinga mjini, kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Arabika ya Wamatengo hufika pale ikiwa bado na ganda lake gumu. Ikishakobolewa, hupitishwa kwenye machekeche. Punje zinazobaki juu ya chekeche namba 18, lenye matundu ya kama milimita 7, huitwa AA. Zinazopita huangukia machekeche ya chini yake, zikawa A, B, na kuendelea hadi C. Hapo kigezo ni kimoja tu, ukubwa wa punje, na hakuna punje inayoweza kuwa AA na B kwa pamoja.

Lakini kuna tunda la kahawa ambalo, badala ya mbegu mbili zilizobanana ubapa kwa ubapa, huzaa mbegu moja ya mviringo. Hiyo ni PB. Ukubwa hautoshi kuieleza, kwa hiyo hutafutiwa chekeche lake, la matundu marefu. Kisha kuna punje zilizo kubwa kwa kutazama lakini nyepesi. Hizo hupeperushwa kwa upepo na kuingia madaraja kama AF na TT. Umbo, ukubwa, uzito: vigezo vitatu, kama vya mwanafunzi wetu. Tofauti ni kwamba kiwandani kila kigezo kina hatua yake na mashine yake. Hatua moja, swali moja. Baadaye kabisa waonjaji hugawa kahawa upya kwa ladha ya kikombeni, na AA haina uhakika wa kushinda hapo.

Kwa nini ukubwa utangulie? Kwa sababu ya mkaangaji. Punje zisizolingana zikiwekwa pamoja motoni, ndogo huungua kabla kubwa hazijaiva. Kigezo kimechaguliwa na haja ya mtu fulani, na insha nayo ni hivyo hivyo: kabla ya kuuliza makundi ni mangapi, uliza nani anayahitaji.

Turudi ziwani, maana huko mambo yanakolea. Muuza samaki humwita usipa dagaa, jina lile lile la dagaa wa Kigoma na wa Mwanza. Kwa kigezo chake yuko sahihi: wote ni wadogo, huvuliwa kwa wingi usiku kwa taa, huanikwa na kuuzwa kwa kipimo. Mtaalamu wa samaki akitazama nasaba huwatenganisha. Dagaa wa Kigoma ni ndugu wa sadini wa baharini. Usipa na dagaa wa Mwanza ni wa upande mwingine kabisa, upande wa karpu, na humo humo yumo mbasa, samaki mkubwa anayepanda mito kama Ruhuhu kwenda kuzaa. Kwa nasaba, basi, usipa yuko karibu zaidi na mbasa kuliko na dagaa wa Kigoma. Mama muuza samaki hana haja ya habari hiyo, na mtaalamu hawezi kumsahihisha.

Wanafunzi wetu wameshakutana na jambo hili katika ngeli. Kwa kigezo cha umbo, kiboko huenda na kiti na kisu. Kwa kigezo cha upatanisho wa kisarufi huenda na mtu. Ajabu ni kwamba anayelijibu vizuri swali la ngeli hulisahau somo hilo akifika kwenye insha.

Sasa, sentensi ya kubeba insha ya samaki inaweza kuwa hii: samaki wanaouzwa Mbamba Bay hugawanyika kwa namna walivyohifadhiwa, yaani walioanikwa juani, waliokaushwa kwa moshi na wabichi. Mbishi atasema mbasa huuzwa mbichi na wa moshi pia. Ndivyo, ila kinachoainishwa hapa ni samaki aliyeko mezani, si spishi, na mbasa yule mmoja hawezi kuwa mbichi na wa moshi kwa wakati mmoja. Sema wazi unaainisha nini. Insha nyingi huangukia hapo hata zikiwa na kigezo kizuri.

Kundi la "mengineyo" liogope. Likijaa, kigezo hakifai. Likibaki na kimoja au viwili, vieleze kama kiwanda kinavyoieleza PB, kwa sababu mara nyingi aya hiyo ndiyo atakayoikumbuka msomaji. Wala aya zisilazimishwe kulingana urefu. Samaki wa kuanikwa, pamoja na taa, vichanja na hofu ya mvua, anaweza kula ukurasa mzima. Wabichi, ambao hawakai hadi jioni, mistari mitano inawatosha.