Jibu Moja, Njia Mbili: Jinsia na Mikakati ya Kutatua Hesabu

Aghalabu wavulana na wasichana hulinganishwa katika hisabati kwa kuzingatia alama walizopata mtihanini. Mkabala huu una upungufu mkubwa: alama huonyesha jibu, wala haionyeshi njia iliyomfikisha mwanafunzi kwenye jibu hilo.

Mwaka 1998, Elizabeth Fennema, Thomas Carpenter na wenzao nchini Marekani walichapisha utafiti uliowafuatilia watoto 82 kwa miaka mitatu, tangu darasa la kwanza hadi la tatu. Watoto walihojiwa mmoja mmoja na kutakiwa kueleza walivyolipata jibu. Katika hesabu za kawaida za kujumlisha na kutoa, jinsia hizo mbili hazikutofautiana kwa ufanisi. Tofauti ilijitokeza katika mikakati. Wasichana walielekea zaidi kuhesabu kwa vidole au vitu na, kufikia mwisho wa darasa la tatu, kufuata kanuni waliyofundishwa. Wavulana walielekea zaidi kubuni njia zao wenyewe.

Chukua mfano wa 38 kujumlisha 26. Anayefuata kanuni huziandika namba kwa safu: 8 na 6 ni 14, huandika 4, kisha huipeleka 1 kwenye safu ya makumi. Anayebuni husema: 30 na 20 ni 50, 8 na 6 ni 14, jumla ni 64. Jibu ni lile lile. Hata hivyo, wa pili hawezi kufika asipoielewa thamani ya kila tarakimu, ilhali wa kwanza anaweza kufika kwa kukariri tu.

Athari yake ilidhihirika katika maswali mageni ya darasa la tatu, ambapo kwa wastani wavulana walifanya vyema zaidi. Lakini watoto waliokuwa wamebuni njia mapema, wawe wa kike au wa kiume, waliyamudu kuliko walioanza na kanuni. Kwa hivyo, wastani wa kundi si hukumu juu ya mtoto yeyote.

Hatari imo katika sifa zinazotolewa mapema. Msichana ambaye daftari lake ni nadhifu na majibu yake ni sahihi huonekana hahitaji msaada, hadi swali geni limkabili. Dawa ni mwalimu kuuliza, hata pale jibu lilipo sahihi: "Umelipataje?" Kulijibu swali hilo ni kazi ya lugha sawa na ilivyo kazi ya hesabu.