Kutoka Mtwapa Hadi Malindi: Ziara ya Familia Katika Misikiti na Makaburi ya Wazee Wetu

Karibu na Roma, katika mji wa Tivoli, ipo bustani iitwayo Villa d'Este, iliyojengwa katika karne ya 16 kwa amri ya Kardinali Ippolito d'Este. Ndani yake maji huruka juu katika mamia ya mabomba ya mawe, na waliojenga hawakutumia mashine yoyote: waliyaleta kutoka mto Aniene, wakayaacha yateremke mlimani kwa uzito wake yenyewe. Wageni wa mataifa yote hulipa kiingilio, wakafuatana na mwongozaji, wakaonyeshwa mfereji baada ya mfereji. Waitaliano wenyewe huwapeleka watoto wao huko tangu wangali wadogo.

Kusini zaidi, katika mji wa Palermo kisiwani Sicily, lipo kasri la karne ya 12 liitwalo Zisa. Jina hilo limetokana na neno la Kiarabu al-Aziza. Waislamu walikitawala kisiwa hicho kwa zaidi ya karne mbili, na wafalme wa Kinormani waliowafuatia walipenda ujenzi wao, wakauendeleza. Ndani ya ukumbi wa Zisa maji yalitiririka ukutani, yakapita katika mfereji sakafuni na kuishia katika birika lililokuwa nje, bustanini. Mwaka 2015 kasri hilo pamoja na majengo mengine ya Palermo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Msomaji wa Malindi hahitaji kuelezwa Waitaliano ni nani. Tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha kurushia setilaiti huko Ngomeni, wamekuwa majirani zetu, na lugha yao husikika sokoni na ufuoni. Wengi wao wakifika kwetu hufanya lile walilolizoea kwao: hutafuta mwongozaji na kwenda Gede. Sisi je? Wangapi kati yetu huipita njia ya kuingilia Gede kila mwezi, na watoto wetu hawajawahi kuteremka garini?

Makala haya yanapendekeza safari moja kwa familia. Barabara ni ile ile ya Mombasa hadi Malindi, na kutoka Mtwapa ni kama kilomita 100. Vituo ni vinne, vyote katika Kaunti ya Kilifi. Ukiianza alfajiri utavipita vyote kwa siku moja. Ukiwa na watoto wadogo, igawe siku mbili.

Kituo cha kwanza: Jumba la Mtwana

Jumba la Mtwana liko ufuoni, kaskazini ya mkono wa bahari wa Mtwapa. Mji huu ulistawi katika karne ya 14. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta nyingi bado zimesimama chini ya mibuyu. Waelekezeni watoto kwanza kwenye msikiti ulio kando ya bahari. Karibu nao lipo kaburi lenye maandishi ya Kiarabu, nayo ni aya ya 185 ya Surat Aal Imran, inayomkumbusha kila mwenye nafsi habari ya mauti na malipo ya Siku ya Kiyama.

Hapo ndipo mzazi anapopata nafasi ambayo mwongozaji hawezi kumpa mgeni. Mgeni ataambiwa kwamba hayo ni maandishi ya kale. Mtoto aliyepita chuoni ataweza kuisoma aya hiyo katika msahafu wake, na atatambua kwamba aliyezikwa hapo na yeye aliyesimama hapo wamefundishwa maneno yale yale.

Kituo cha pili: Mnarani

Kabla ya kuvuka daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991, yapo magofu ya Mnarani juu ya jabali linalotazama maji. Ipo misikiti miwili, mkubwa na mdogo, na lipo kaburi lenye nguzo ndefu. Msikiti mkubwa ulijengwa juu ya mabaki ya ule uliotangulia, na mihrabu yake ilipambwa kwa maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwa ustadi mkubwa.

Waulizeni watoto: fundi aliwezaje kuchonga herufi nyembamba namna hiyo katika jiwe? Jibu liko baharini. Tumbawe likitolewa majini likiwa bichi huwa laini, hukubali kukatwa na kuchongwa. Likikaa juani na kupigwa na upepo huwa gumu. Tumbawe hilo hilo likichomwa hutoa chokaa ya kuungia mawe na kupakia kuta. Kwa hiyo bahari iliyompa mwenyeji wa Mnarani samaki ilimpa pia nyumba na mihrabu.

Kituo cha tatu: Gede

Gede iko karibu na Watamu, kama kilomita 16 kusini ya Malindi. Hapa ndipo mahali petu panapokaribiana zaidi na bustani ya kale, maana mji wote umekaa ndani ya msitu, na miti mikubwa imeota vyumbani na juu ya kuta, huku kima wakiruka kutoka tawi hadi tawi. Serikali ilipatangaza kuwa mahali pa ukumbusho mwaka 1927. Kuanzia mwaka 1948 hadi 1958 mtaalamu wa mambo ya kale James Kirkman alipachimba na kupaandikia. Mwezi wa Julai 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, orodha ile ile yenye Villa d'Este na Zisa.

Tembeeni taratibu. Uko msikiti mkubwa wa Ijumaa, wenye kisima na birika la kutawadhia kando yake. Liko kasri lenye nyua na vyumba vya ndani. Ziko nyumba ambazo wachimbaji walizipa majina kwa vitu walivyoviokota: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Fedha za Kichina, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Ndiyo, Venice ya Italia. Ushanga wa kioo uliotengenezwa huko ulipita mikono mingi na bandari nyingi hadi ukafika katika nyumba ya Mswahili wa Gede. Basi Italia na pwani yetu zilijuana kwa biashara kabla hoteli ya kwanza haijajengwa Malindi.

Katika nyumba hizo tazameni mambo madogo: vyoo vilivyojengwa ndani, visima, mifereji ya maji, na vyumba vya akiba visivyokuwa na mlango wa kawaida. Villa d'Este ilijengwa kumfurahisha mkubwa mmoja na wageni wake. Maji ya Gede yalikuwa ya udhu, ya kuoga na ya kunywa, nayo yalipita katika nyumba za watu wengi.

Karibu na kasri lipo kaburi lililoandikwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399 Miladia. Mpeni mtoto kazi: aitoe 802 katika mwaka wa Hijria tulio nao. Hesabu hiyo ndogo itamweleza umri wa mji huo kuliko maelezo marefu.

Waongozaji wengine hupenda kuiita Gede "mji uliopotea", kwa kuwa maandishi ya Wareno hayautaji, na kwa kuwa watu wake waliuacha mwanzoni mwa karne ya 17. Wataalamu hutaja sababu kadhaa za kuhama huko: visima kupungukiwa na maji, vita, na kusonga kwa Waoromo kutoka kaskazini. Lakini neno "kupotea" halitutoshi sisi. Mihrabu ya Gede inaelekea kaskazini, kama mihrabu ya msikiti wako wa mtaani, kwa kuwa kutoka pwani hii Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja. Kilichohama ni watu; kibla hakikuhama, wala vidaka, mabaraza na kuta za chokaa ambazo bado unaziona katika nyumba za kale za Lamu.

Sala ya Adhuhuri isaliwe katika misikiti hai ya mji wa Gede wa leo. Kisha, langoni mwa magofu, pitieni kwenye Mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wanakijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza mabuu yaliyofungika nchi za nje, na hivyo msitu unawapa riziki ukiwa umesimama.

Kituo cha nne: Malindi

Malindi wageni huonyeshwa kwanza nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapa Aprili 1498, akapokewa na mfalme wa Malindi na kupewa rubani wa kumfikisha India. Ionyesheni watoto, ni sehemu ya historia. Lakini waelezeni pia kwamba miaka 83 kabla ya Mreno huyo kutia nanga, mwaka 1415, twiga aliyetoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Mji uliopokea meli za Ureno ulikwisha kuzoea kushughulika na dunia.

Kisha nendeni kwenye Msikiti wa Juma, mjini kando ya bahari, mkatazame makaburi ya nguzo yaliyo ubavuni mwake, ya karne ya 15. Hapo safari inakamilika vizuri, kwa kuwa waliolala na wanaosali wako pamoja, umbali wa hatua chache.

Adabu za ziara

Mwongozaji achukuliwe langoni, na aulizwe maswali. Asiachwe ahadithie majini peke yake. Kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha wageni wa nje. Chukueni maji ya kunywa na viatu vya kutembelea. Msikiti uliobomoka ulikuwa mahali pa kusujudu, basi watoto wasipande juu ya mihrabu, wala mtu asikae juu ya kaburi kwa ajili ya picha. Kigae cha kauri kikionekana ardhini kiachwe hapo hapo: sheria ya mwaka 2006 ya makavazi na turathi inavilinda vitu hivyo, na kigae kilichoondolewa mahali pake hakiwezi tena kumweleza mtaalamu lolote.

Bibi au babu akiweza kutembea, aende nanyi. Mwongozaji anajua tarehe, lakini mzee anajua jina la kila sehemu ya nyumba: kidaka, daka, boriti, ukumbi, ndani. Majina hayo hayakuandikwa kwenye vibao vya Gede. Mtoto akiyasikia kutoka kwa bibi yake, mbele ya ukuta wenyewe, atayajua. Asipoyasikia katika umri huu, huenda asipate wa kumwambia baadaye.