Akinenepa Husemwa, Akikonda Husemwa

Sisi watu wa pwani tuna maneno mengi mazuri ya kumsifu mtu mwenye mwili. Twasema amenawiri, ana siha, maisha yamemkubali. Na mwana akirudi kutoka bara amejaa mashavu, mamake humshukuru Mola kabla hata ya kumwuliza khabari za kazi. Aliyekonda naye huulizwa, una nini? Lugha ndiyo hiyo tuliyorithi, na wenzetu waliohamia Nairobi, tangu wale wazee wa Pumwani wa miaka ya 1920, waliifunga pamoja na mikeka yao na misahafu yao.

Lugha hiyo sasa imekutana na jambo geni. Wapo watu, wachache lakini wapo, wanaotoka mitaa ya Eastlands kwenda hospitalini kupasuliwa mfuko wa chakula tumboni ili wapunguze unene. Mtu akisikia hucheka, akadhani ni anasa ya wenye kutafuta kiuno cha nyigu. Sivyo. Kanuni waliyoafikiana madaktari wa Marekani mwaka 1991, na iliyolegezwa kidogo mwaka 2022, ni kwamba upasuaji huu ni wa mtu ambaye unene wake umekwisha kuwa maradhi, na hasa ukiwa umemletea kisukari au presha.

Na unene huo haukushuka kutoka mbinguni. Wazee waliokaa Makongeni na Bahati wengi wao walikwenda kazini kwa miguu, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Leo matatu i mlangoni, kibanda cha chipsi ki mlangoni, na mafuta ni yale yale yaliyochemka tangu alfajiri. Uchunguzi wa afya wa taifa la Kenya wa 2008 na 2009 ulikuta robo ya wanawake wa umri wa kuzaa wamezidi uzito. Uliporudiwa mwaka 2014 walikuwa 33 katika kila 100, na jijini Nairobi karibu nusu. Nao si matajiri hao. Unga wa ngano na sukari hushibisha kwa bei nafuu kuliko samaki na mboga, na hilo kila mama wa nyumba alijua kabla ya kuambiwa na mtaalamu.

Ninamjua mama mmoja wa Umoja, mzaliwa wa pwani, jina lake tuliache. Riziki yake ni mahamri na viazi karai. Akikaa ghorofa ya nne katika nyumba isiyo na lifti, na kila ghorofa alikuwa na mahali pake pa kusimama, akijifanya anazungumza na jirani ili apate pumzi. Makanga wa matatu walimtaka nauli ya viti viwili, tena kwa sauti ya kusikiwa na gari zima. Kisukari kilikuwa kimefika cha sindano. Lakini lililomliza, kwa maneno yake mwenyewe, halikuwa lolote katika hayo. Lilikuwa magoti. Miaka sita alisali juu ya kiti, asiweze kuweka paji la uso chini.

Ndugu zake waliposikia neno upasuaji walimjia juu: vipi ukakate alichokiumba Mwenyezi Mungu kizima? Akaenda kwa sheikh wake. Sheikh alimwuliza swali moja tu, wataka uzuri au wataka dawa? Alipoelezwa kisukari na magoti akamwambia awafuate madaktari. Fedha zilikuwa shughuli nyingine, kwani si haba. Kiwanja cha urithi kiliuzwa, na mpaka leo yuko ndugu asiyemsemesha kwa ajili ya kiwanja hicho.

Kazi yenyewe ina historia. Daktari Edward Mason wa Iowa, Marekani, ndiye aliyeanza mwaka 1966 kuufanya mfuko wa chakula uwe mdogo na kuupitisha utumbo njia ya mkato. Siku hizi njia itumikayo sana ni nyingine: huingizwa kamera na vyombo kwa matundu madogo, likaondolewa fungu kubwa la mfuko, kama robo tatu au zaidi, likabaki bomba jembamba mfano wa ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo itoayo kwa wingi kichocheo cha njaa, kwa hiyo mtu hali kidogo kwa sababu ya nafasi tu, bali hata hamu yenyewe hupungua. Na kabla ya kisu, kwa wiki mbili hivi, hupunguziwa wanga na mafuta ili ini lisinyae, maana ini huufunika mfuko huo. Fikiri basi, ndugu msomaji, mwanamke apikaye mahamri kila alfajiri asiweze kuonja hata moja.

Baada ya hapo ndipo mtihani. Wiki za mwanzo ni supu na vya maji maji kwa kijiko, kisha vilivyopondwa, kisha laini. Hanywi maji pamoja na chakula. Husubiri kama nusu saa. Tonge asipolitafuna likalainika humkwama kifuani likarudi. Dawa za kisukari hupunguzwa na daktari mapema, kwani sukari yaweza kushuka upesi ikamwangusha. Nywele hunyonyoka mwezi wa tatu au wa nne, kisha huota. Ngozi hulegea ikaning'inia, na hiyo hairudi yenyewe. Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha, na mwenye kutaka mtoto huambiwa angoje mwaka au mwaka na nusu. Wala si hirizi: wako wanaorudia kunenepa baada ya miaka michache, hasa wanaokunywa soda kidogo kidogo mchana kutwa.

Uzito wa mama yule ulipungua zaidi ya robo kwa mwaka mmoja. Mtaa ukageuza kibao. Waliokuwa wakimwita kibonge sasa walinong'ona, amepatwa na nini yule? Nao nawalaumu nusu tu. Kenya ilipata mgonjwa wa kwanza wa ukimwi mwaka 1984, jirani zetu wa Uganda wakauita ugonjwa huo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, na mwaka 1999 Rais Moi akautangaza kuwa janga la taifa. Waliozika ndugu miaka ile walijifunza kumwogopa mtu anayepunguka mwili, na woga huo haujatoka machoni. Wateja wawili watatu waliacha kununua mahamri yake. Alifikiria kupita mlango kwa mlango akieleza alivyopasuliwa, kisha akaona haya. Yake ni yake.

Karamuni ndiko kwenye uzito. Kwetu kukataa sahani ni kumtukana mwenye nyumba. Mama huyu hupakuliwa biriani ya watu watatu, naye akila vijiko vinne ameshiba, na kipande cha tano ni maumivu. Amejifunza kukaa karibu na watoto, sahani ikamalizwa bila mtu kutazama.

Ramadhani ya kwanza hakufunga. Madaktari wengi huwataka waliopasuliwa wangoje mwaka mzima au zaidi, kwa kuwa mfuko mdogo hauwezi kupokea maji ya kutwa kwa mkupuo mmoja wakati wa magharibi, na sheria yetu yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine. Alijua hayo yote na bado alijificha kunywa maji yake. Mwaka wa pili alijaribu. Jioni ya kwanza alikula kaimati tatu zilizolowa shira. Robo saa haikupita moyo ukamwenda mbio, jasho, tumbo likamharisha. Sukari nyingi ikiteremka upesi utumboni hufanya hivyo. Tangu hapo futari yake ni nusu ya tende, kikombe cha uji, kipande cha samaki baada ya sala, na maji funda kwa funda mpaka daku.

Alifunga siku kumi na nane. Siku zilizobaki alizilipa Jumatatu na Alhamisi, Nairobi inapokuwa na baridi na kiu haisumbui, na sala ya magharibi akaisali juu ya mkeka.