Samaki wa Rangi Asifike Mtoni

Samaki wa rangi wanaouzwa mijini ni wazuri kwa macho. Wako wenye rangi ya dhahabu, wako wenye mabaka mekundu na meupe, na wako wadogo kabisa wenye mkia mpana kama upepeo. Mtoto akimwona mmoja katika chombo cha kioo hataki kuondoka dukani. Nawe mkulima labda umekwisha kumnunulia, au unafikiri kuwatia wachache katika bwawa lako ili wale viluwiluwi vya mbu.

Samaki aliye ndani ya chombo nyumbani hamdhuru mtu. Shida huanza anapotoka. Yafaa basi ujue mahali sheria inapokuzuia, na sababu yake, kwa maana jambo hili linawahusu sana ninyi mnaolima katika skimu za Kinangop na Kipipiri, ambako mito inaanzia.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, kifungu cha 42, inasema kwamba haruhusiwi mtu kutia mnyama katika mto, ziwa au kinamasi pasipo kibali cha maandishi, na kibali hicho hutolewa baada ya kupima madhara yanayoweza kutokea. Haijali kama mnyama huyo ni wa kigeni au wa kienyeji, yu hai au amekufa. Tena, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016 inakataza kuleta samaki hai kutoka nchi nyingine bila ruhusa. Kwa hiyo jamaa yako anayesafiri asikuletee samaki katika mfuko wa maji kama zawadi.

Angalia maneno yale, wa kigeni au wa kienyeji. Watu wengi hudhani mgeni ni yule aliyetoka ng'ambo tu. Sivyo. Tilapia wa Ziwa Victoria ni mgeni katika kijito cha Kinangop. Akiingia mahali penye tilapia wa aina nyingine huzaana nao, na baada ya muda huwezi tena kumpata yule wa kwanza akiwa safi.

Labda utasema, samaki mmoja wa mtoto atafanya nini katika maji mengi hivyo? Tazama yaliyotokea Naivasha. Maji mengi yanayoingia katika ziwa hilo huletwa na mto Malewa, na Malewa hupokea maji ya Turasha kutoka Kinangop. Kijito kinachopita nyuma ya boma lako, ukikifuata, huenda kikakufikisha ziwani.

Zamani ziwa lilikuwa na samaki mmoja wa kienyeji, mdogo sana. Mnamo 1929 akaletwa besi kutoka Marekani, ili watu wapate mchezo wa kuvua kwa ndoana, na huyo hula samaki wenzake. Wakaongezwa tilapia, na mwaka 1970 kamba mwekundu wa maji baridi. Yule mdogo wa kienyeji mara ya mwisho aliandikwa kuonekana mwaka 1962. Kamba naye alikula majani ya chini ya maji mpaka sehemu nyingi za ziwa zikabaki tupu.

Hao wote waliletwa kwa makusudi. Lakini samaki aitwaye kapi hakuletwa ziwani na mtu yeyote. Wavuvi walianza kumpata katika nyavu mwaka 2001, na wataalamu wanaona kwamba alitoroka katika mabwawa ya kufugia samaki huko juu, akashuka na Malewa. Kufikia 2010 yeye ndiye aliyekuwa sehemu kubwa kabisa ya samaki waliovuliwa Naivasha. Kapi jike mkubwa hutaga mayai laki kadhaa kwa msimu. Hula kwa kuchimba matope ya chini, na akichimba hung'oa mimea na kuyachafua maji, hata samaki wengine wakakosa mahali pazuri pa kutagia.

Ni haki kusema kwamba wavuvi wengi walimshukuru, maana aliwapa kitu cha kuuza wakati tilapia na besi walikuwa wamepungua. Hata hivyo wavuvi hao hawakuulizwa kama wanamtaka, na leo hakuna wavu wa kumtoa ziwani. Sasa jua hili: wale samaki wakubwa wa rangi nyekundu na nyeupe wanaouzwa kwa mapambo, waitwao koi, ni jamaa wa karibu sana wa kapi huyo. Wazuri ni wazuri, lakini wakiwa matopeni huchimba vivyo hivyo.

Ukiwa na bwawa, lichimbe mbali na mahali mafuriko hupita. Funga wavu wa matundu madogo kwenye mfereji wa kuingiza maji na kwenye bomba la kutolea, na uusafishe mara kwa mara, kwa sababu ukiziba kwa majani maji yatapanda juu ya ukingo na samaki watakwenda nayo. Siku ya kulikausha usifungue maji yote yaende kijitoni. Vua samaki kwanza, kisha uyapeleke maji shambani, mboga zitayapenda.

Mtoto akichoka na samaki wake, au chombo kikivunjika, usimwambie akamwachilie mtoni. Kwa mtoto hilo laonekana kuwa huruma, na ndiyo njia rahisi ya kuivunja sheria. Mrudishe samaki kwa aliyemuuza, au umpe jirani mwenye chombo. Akifa, mzike mbali na maji. Maji ya chombo nayo yamwage kwenye udongo mkavu pamoja na majani yake, kwani hata majani yakifika ziwani huota. Gugu-maji lenye maua ya zambarau, lililoonekana Naivasha mwaka 1988, asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilisambazwa duniani na watu waliopenda maua yake.

Ukitaka kufuga samaki wa rangi kwa biashara, mwone kwanza Afisa wa Samaki katika ofisi ya kaunti yako kabla hujachimba na kabla hujanunua. Mweleze maji yako yanatoka wapi na yanakwenda wapi, na umwombe aje alione shamba mwenyewe.