Kabla ya kuvusha mtambo wa upepo, chukua futi kamba

Mfanyabiashara anayetaka kuvusha mitambo midogo ya upepo Namanga, Malaba au Rusumo husoma kwanza namba ya kwenye lebo, tuseme wati 400. Mteja wake naye ataisoma. Umeme usipopatikana, atakayerudishiwa mzigo si kiwanda, ni yeye.

Mitambo ya mhimili wima, ile inayozunguka kama pia, ina mvuto wake. Hupokea upepo kutoka upande wowote bila kugeuzwa, na jenereta yake huweza kukaa chini, fundi akaifikia kwa urahisi. Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda.

Uholanzi iliipima mitambo ya aina hiyo pamoja na ya mhimili mlalo katika uwanja wa wazi wa Schoondijke, jimbo la Zeeland, kuanzia Aprili 2008 hadi Machi 2009. Wastani wa upepo ulikuwa mita 3.8 kwa sekunde. Mtambo mmoja wa mhimili wima, uliogharimu zaidi ya euro 21,000, ulizalisha uniti 247 tu kwa mwaka mzima. Wa mhimili mlalo wenye kipenyo cha mita 5, uliogharimu takriban euro 18,500, ulitoa uniti 2,691.

Sababu mojawapo ni eneo ambalo mabawa hulifagia. Kwa mtambo wima wenye mabawa yaliyonyooka, eneo hilo ni kimo mara upana. Ukiwa na kimo cha mita 1 na upana wa nusu mita, ni nusu mita ya mraba. Upepo wa mita 12 kwa sekunde ukipita hapo hubeba takriban wati 530. Kwa kanuni ya Mjerumani Albert Betz, hakuna mtambo wa kawaida unaoweza kuvuna zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu hiyo, yaani wati 314. Lebo ya wati 400 kwa upepo huo haiwezi kuwa ya kweli.

Pili ni kasi. Nguvu ya upepo hupanda na kushuka kwa kipeo cha tatu: kasi ikishuka kutoka mita 12 hadi 4, nguvu hubaki sehemu moja kati ya 27. Mtambo huohuo utapitiwa na wati 20 hivi. Ukivuna robo, ni wati 5, za kuchaji simu moja.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, pima kimo na upana mwenyewe. Uliza wati za kwenye lebo ni za upepo wa kasi gani. Dai jedwali la umeme unaotoka katika kila kasi, na jina la aliyepima. Muuzaji akikosa majibu hayo, mwachie mzigo wake.